TAHARIRI: MABUNGE YALITUTETEA, NASI TUMTETEE JIRANI

Bunge la nchi moja lina haki gani kusema juu ya utawala wa nchi nyingine? Swali hili si geni masikioni mwa Wakenya. Katika miaka ya chama kimoja tulilisikia kila mara mgeni yeyote alipothubutu kuuliza habari za watu waliowekwa kizuizini. Tuliambiwa kwamba huko ni kuingilia mambo ya ndani, kwamba heshima ya taifa imeguswa, na kwamba Mkenya anayelalamika mbele ya wageni ni kibaraka wa mabwana wa ng'ambo. Leo swali lile lile linaulizwa katika miji mikuu ya majirani zetu, na wako viongozi wetu wenyewe wanaoliitikia kwa kutikisa kichwa, kana kwamba wamesahau njia waliyopitia hata wakafika walipo.

Sisi tunajibu bila kuzunguka. Haki hiyo ipo, ila ina masharti yake. Bunge linalosimama pamoja na bunge jingine, au pamoja na wananchi walionyimwa bunge la haki, linafanya jambo jema iwapo litawasaidia wananchi wala si watawala, iwapo litakubali nalo kukaguliwa, na iwapo litawaachia wenyeji usukani wa chombo chao. Na kwa kuwa Kenya ilinufaika na msaada wa namna hiyo, Kenya inadaiwa. Deni lenyewe halilipwi Washington wala London. Linalipwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa jirani ambaye kilio chake tunakisikia usiku kupitia ukuta wa nyumba.

URAFIKI WA MABUNGE ULIKOTOKA

Mwaka 1889 wabunge wa mataifa kadhaa walikutana mjini Paris kwa juhudi za watu wawili, Mwingereza William Randal Cremer na Mfaransa Frédéric Passy. Shabaha yao ilikuwa kwamba ugomvi wa mataifa umalizwe kwa usuluhishi badala ya mizinga, na waliamini kwamba wawakilishi wa wananchi wanaweza kuzungumza pale wafalme na mawaziri wao wanapokataa. Mkutano ule ndio chimbuko la Umoja wa Mabunge Duniani, ambao hata Bunge letu limo ndani yake.

Mwaka 1911 kiliundwa chama cha mabunge ya Dola ya Uingereza, ambacho mwaka 1948 kilibadilishwa jina kuwa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Chama kile kilipozaliwa kikiimba sifa za utawala wa bunge, Mwafrika wa Kenya hakuwa na kiti, hakuwa na kura, wala hakuwa na sauti. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hili, aliingia mwaka 1944, yaani miaka 33 baadaye. Tangu mwanzo basi, urafiki wa mabunge umekuwa na nyuso mbili: maneno ya haki mdomoni, na maslahi ya wenye nguvu mfukoni. Mwanamageuzi asiyeziona nyuso zote mbili atadanganywa na mojawapo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wabunge wa mataifa ya mkataba wa kijeshi wa NATO walianza kukutana mwaka 1955. Mkutano wao, ambao sasa unaitwa Bunge la NATO, hauna mamlaka ya kutunga sheria; kazi yake ni kuhoji, kushauri na kupendekeza. Ukuta wa Berlin ulipobomolewa mwaka 1989, mkutano huo uliwafungulia mlango wabunge wa Ulaya ya Mashariki, ukawaandalia semina zilizopewa jina la wabunge wawili wa Marekani, Charlie Rose na William Roth. Humo walifundishana namna raia wanavyoweza kulisimamia jeshi kupitia bunge, jambo ambalo huko lilikuwa geni kabisa.

Mwaka 1990 Baraza la Wawakilishi la Marekani nalo liliunda jopo maalumu chini ya Martin Frost wa chama cha Democratic na Gerald Solomon wa chama cha Republican. Jopo hilo liliyapelekea mabunge mapya ya Poland, Hungaria, Czechoslovakia na mengine kompyuta, mashine za kunakili, vitabu, na wataalamu wa kufundisha makarani na watafiti. Huenda mtu akacheka na kuuliza: je, demokrasia huletwa na mashine ya kunakili? La hasha! Lakini fikirini, ndugu wasomaji. Bunge ambalo kwa miaka 40 kazi yake ilikuwa kuinua mikono lilikuwa halina maktaba ya maana, halina watafiti, wala halina nakala za kutosha za miswada. Mbunge wa bunge kama hilo akipewa bajeti ya serikali ataisoma kwa taa gani? Atajua wapi fedha zimefichwa? Waziri akisema jambo, mbunge atampinga kwa ushahidi upi? Bunge lisilo na maarifa yake lenyewe hubaki muhuri tu mkononi mwa serikali, hata likiwa na vyama kumi ndani yake.

YALIYOTUPATA SISI

Habari hii inatuhusu kwa karibu kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1980 serikali ya Kenya ilikubaliana na Marekani majeshi yake yatumie bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Katika miaka iliyofuata, misaada iliendelea kumiminika huku milango ya uhuru ikifungwa mmoja mmoja. Juni 1982 Bunge letu lilipitisha kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 tulipigishwa kura kwa mlolongo, na mgombea aliyepata asilimia 70 katika foleni alitangazwa mbunge bila kura ya siri kupigwa. Mwaka huo huo Bunge lililotokana na foleni zile liliwaondolea majaji usalama wa kazi zao. Marafiki wetu wa ng'ambo walikuwa wapi? Walikuwa marafiki wa Ikulu, kwa sababu vita baridi vilihitaji bandari.

Vita hivyo vilipopoa, sauti nyingine ilisikika. Tarehe 3 Mei 1990, siku ile ile Kenneth Matiba na Charles Rubia walipodai hadharani mfumo wa vyama vingi, balozi wa Marekani, Smith Hempstone, aliwaambia wanabiashara wa Nairobi kwamba katika Kongresi ya nchi yake kulikuwa na wimbi la kutaka misaada ielekezwe kwa mataifa yanayolea taasisi za kidemokrasia. Mwishoni mwa mwaka huo Kongresi iliweka masharti katika sheria yake ya misaada ya nje, na Kenya ikatajwa kwa jina: wafungwa wa kisiasa wafikishwe mahakamani au waachiliwe, mateso yakome, mahakama zirejeshewe uhuru wake, na watu wawe huru kutoa maoni. Usalama wa kazi za majaji ulirejeshwa mwaka huo huo wa 1990. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa miezi sita, na Desemba 1991 Bunge lile lile lililokuwa likipiga makofi likakifuta kifungu cha 2A.

Wako wanaoisimulia historia hii kana kwamba vyama vingi vilishuka kwa ndege kutoka Washington na Paris. Hao wanawadhulumu waliolipa gharama. Kabla wafadhili hawajakutana, wananchi walikuwa wameshamwaga damu siku ya Saba Saba, Julai 1990. Walikuwapo mawakili waliofungwa, wahariri ambao magazeti yao yalikamatwa, na wachungaji na maaskofu waliosema mimbarani yale ambayo Bungeni hayakuweza kusemwa. Askofu Alexander Muge alikufa njiani Agosti 1990 baada ya kutishwa hadharani na waziri wa serikali. Mapema mwaka 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika bustani ya Uhuru Park, wakapigwa na polisi, kisha wakapata hifadhi katika kanisa kuu la All Saints. Mama wale hawakutumwa na Kongresi yoyote.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Nyoka yule aliuawa kwa fimbo iliyokuwa mikononi mwa Wakenya. Hata hivyo, jirani anayewasha taa nje, ukaona nyoka aliko, amekufaa. Kongresi iliwasha taa. Iliwafanya watawala wajue kwamba wanatazamwa, na iliwapa wafungwa tumaini kwamba majina yao yanatajwa mahali fulani. Kwa hilo tunatoa shukrani, bila kupiga magoti.

Tena tuangalie ni nani aliyewasha taa ile. Bunge si serikali, na hapo ndipo thamani ya urafiki wa mabunge ilipo. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alipinga kwa kura ya turufu sheria ya kuiwekea vikwazo serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Kongresi ilimshinda: Baraza la Wawakilishi kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa kura 78 dhidi ya 21, huku wengi wa chama chake mwenyewe wakimwacha. Ikulu ya Marekani ilikuwa na hesabu zake za vita baridi. Wawakilishi wa wananchi walikuwa wameshasikia kelele za makanisa, vyuo vikuu na vyama vya wafanyakazi katika majimbo yao. Ndiyo maana tunasema kwamba mbunge anaweza kufika mahali ambapo balozi hafiki. Lakini mbunge hafiki huko kwa hiari yake. Husukumwa na waliomchagua.

MASHARTI YA URAFIKI WA KWELI

Sharti la kwanza ni kwamba msaada uliimarishe Bunge lenyewe, usimlishe mtu wala chama. Hapa Kenya inao mfano mzuri. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 Bunge letu lilikuwa kama idara ya serikali: wafanyakazi wake waliajiriwa na mamlaka ya serikali, na fedha zake zilipangwa na Hazina. Mbunge Oloo Aringo ndiye aliyepeleka mswada wa kubadili katiba, na mwaka 1999 Tume ya Huduma za Bunge ikaundwa. Wakenya walijifungulia mlango huo wenyewe. Hapo ndipo msaada wa nje ulipopata pa kuingia kwa heshima: Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, kwa fedha za serikali ya Marekani, kilisaidia kufundisha wafanyakazi na kuziimarisha kamati. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipofufua kazi yake ya kushirikiana na mabunge mengine mwaka 2005, Kenya nayo ilihesabiwa miongoni mwa washirika wake. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilianza kazi, na mwaka 2009 Sheria ya Usimamizi wa Fedha ikaipa nguvu. Kwa mara ya kwanza mbunge aliweza kuuliza swali la bajeti bila kumtegemea Waziri wa Fedha ampe na jibu na hesabu zake.

Sharti la pili ni kwamba anayefundisha akubali naye kufundishwa. Nyani haoni kundule, walisema wazee. Tarehe 6 Januari 2021 umati ulivunja milango ya jengo la Kongresi mjini Washington ili kuzuia matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Jengo lile lile lililokuwa likiwafundisha wengine namna ya kukubali kushindwa. Hungaria, iliyokuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa mwaka 1990, ilijiunga na NATO na Umoja wa Ulaya, lakini Septemba 2022 Bunge la Ulaya liliamua, kwa kura 433 dhidi ya 123, kwamba nchi hiyo haikuweza tena kuhesabiwa kuwa na demokrasia kamili. Kompyuta hazikukosekana kule, wala vitabu. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa na wingi wa viti waliutumia wingi huo kubadili katiba na kanuni za mchezo. Mwaka 2019 wajumbe wa Bunge la NATO walipendekeza kiundwe kituo cha kuilinda demokrasia ndani ya mataifa wanachama yenyewe, si kwa wageni tu. Wamejifunza kwamba moto hauchagui nyumba. Rafiki anayekiri ugonjwa wake tutamsikiliza zaidi kuliko yule anayekuja na dawa huku amejifunika blanketi.

Sharti la tatu ni kwamba wenyeji washike usukani, na wasiuachie hata wakipewa zawadi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi duniani ikakatika katikati kama kamba iliyooza. Yule Msamaria wa Injili alimlipia majeruhi katika nyumba ya wageni, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Hakuitwaa nyumba, wala hakumwacha mtu barabarani baada ya kumfunga jeraha moja. Si kila mfadhili ana uaminifu huo. Bunge ambalo utafiti wake, semina zake na safari za kamati zake hutegemea mfuko wa mtu mwingine ni bunge linaloweza kuzimwa kwa sahihi moja iliyotiwa mbali na hapa.

Na usukani huo ni wa wananchi kabla ya kuwa wa wabunge. Katiba ya mwaka 2010 inaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na kifungu cha 118 kinaliagiza Bunge lifanye kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha watu. Juni 2024 wananchi, wengi wao vijana, walisema kwa sauti kubwa kwamba hawautaki Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na wananchi wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo. Bunge lile lilikuwa na tume yake, ofisi ya bajeti yake, watafiti na kamati. Lilikuwa na vyombo vyote ambavyo urafiki wa mabunge unaweza kutoa. Kilichokosekana ni sikio, na sikio haliletwi na mfadhili.

SASA NI ZAMU YETU

Hapo ndipo tunapofika kwa jirani. Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alitekwa hapa Nairobi, akavushwa mpaka, na akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia wasihukumiwe na mahakama za kijeshi. Mwezi Mei mwaka huo Bunge la Uganda likapitisha sheria ya kuwarudisha huko. Sisi tuliowahi kuwa na Bunge la kuwapokonya majaji usalama wao tunaitambua sura hiyo mara moja.

Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha Chadema cha Tanzania, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini baada ya kudai mageuzi kabla ya uchaguzi. Mwezi Mei Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Haki nchini Kenya, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudishwa nyumbani. Alikuwa anakwenda kufuatilia kesi hiyo. Oktoba 2025 uchaguzi ulifanyika wapinzani wakuu wakiwa wameondolewa, watu wakauawa barabarani na intaneti ikazimwa. Hata waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa nchi za kusini mwa Afrika walisema kwamba uchaguzi ule haukufikia viwango.

Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya Lissu mwezi Mei 2025. Wajumbe wake wako maelfu ya maili kutoka Dar es Salaam. Sisi tuko Namanga, Lungalunga na Taveta. Tunazungumza lugha moja na watu wale, tunaoana nao, tunafanya nao biashara, na tunaimba nyimbo zile zile Jumapili. Ikiwa mbunge wa nchi ya mbali alikuwa na haki ya kuwatetea wafungwa wa Kenya mwaka 1990, mbunge wa Kenya ana haki gani ya kunyamaza leo?

Watatuambia kwamba kuna Jumuiya, na kwamba ndugu hawaumbuani hadharani. Jumuiya ipo, na Mkataba wake, katika kifungu cha 6, unataja utawala bora, demokrasia na haki za binadamu kuwa misingi yake. Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa Arusha mwaka 2001, na kila nchi mwanachama hupeleka wajumbe tisa wa kuchaguliwa na bunge lake. Kumtetea Mtanzania au Mganda aliyedhulumiwa basi si kuingilia ugomvi wa watu. Ni kutekeleza ahadi tuliyotia sahihi pamoja.

Hata hivyo tusijifanye watakatifu. Mwaka 2006 majina ya wajumbe wa Kenya yalipangwa na vyama bila Bunge letu kupiga kura. Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ikazuia wajumbe wale wasiapishwe. Viongozi wa nchi zetu walifanya nini? Desemba 2006, kwa haraka ya ajabu, waliubadili Mkataba na kuwatia majaji vitanzi vipya. Machi 2007 mahakama ile, bila kuogopa, iliamua kwamba uchaguzi wa kweli haukuwa umefanyika. Funzo ni hili: bunge la kanda haliwezi kuwa na nguvu kuliko unyofu wa mabunge yaliyolizaa. Tukipeleka Arusha watu wa kupoza waliokosa viti nyumbani, tusishangae wakinyamaza.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo tunadai mambo matano.

Kwanza, wananchi wapewe na Bunge lao ripoti kamili na ya wazi juu ya namna mgeni alivyotekwa katika ardhi ya Kenya na kuvushwa mpaka. Nchi inayogeuzwa mtego wa wakimbizi wa kisiasa haiwezi kuhubiri demokrasia kwa mtu.

Pili, wajumbe wetu katika Bunge la Afrika Mashariki wachaguliwe kwa kura ya kweli baada ya kuhojiwa hadharani, na kila mmoja aulizwe atafanya nini kukitetea kifungu cha 6 cha Mkataba. Baada ya hapo waripoti kwa Bunge na kwa wananchi kila mwaka.

Tatu, kamati za Bunge la Taifa na Seneti zishirikiane na mabunge mengine ya Afrika kupeleka waangalizi katika kesi za kisiasa na chaguzi za majirani, na ripoti zao zichapishwe kwa Kiswahili ili mama wa Tarime na kijana wa Migori wazisome pamoja.

Nne, kila msaada ambao Bunge letu linapokea kutoka bunge au serikali ya nje uwekwe mezani: umetoka kwa nani, ni kiasi gani, na ni wa kazi gani. Rafiki wa kweli hataona haya kutajwa. Na kazi zilizo uhai wa Bunge, yaani utafiti, bajeti na kumbukumbu za vikao, zigharimiwe na Wakenya wenyewe.

Tano, tuyaalike mabunge ya majirani kuja kutuangalia sisi katika uchaguzi wa Agosti 2027, nasi tuwape ruhusa ya kwenda wanakotaka na kusema wanachoona. Anayetaka kuangalia nyumba ya mwenzake na afungue yake.

Kwenu ninyi wanamageuzi na waumini, madai haya ni karatasi tu msipoyabeba. Kongresi ya mwaka 1986 haikumshinda Reagan kwa sababu wabunge wake walikuwa malaika. Ilimshinda kwa sababu wapigakura wao, parokia kwa parokia na chuo kwa chuo, walikuwa wamewachosha kwa barua na maandamano. Mwandikieni mbunge wenu. Mwandikieni seneta wenu. Mwiteni kwenye mkutano wa parokia au wa kata, mumwulize kwa adabu na bila woga: Mheshimiwa, umesema nini Bungeni juu ya jirani yetu? Jibu lake liandikwe, lisomwe kwa sauti, na likumbukwe siku ya kura.

Na ndugu zetu wa Uganda na Tanzania tunawaambia hivi. Hatuji kuwafundisha, maana shule yetu wenyewe bado ina mapaa yanayovuja. Fimbo ya kumwua nyoka ni yenu, nanyi ndiyo mnaojua ameingilia wapi. Lakini taa tunayo, kwa kuwa kuna waliotuwashia. Hatutaifunika chini ya pishi la ujirani mwema huku ninyi mkiumwa gizani.